Daktari Albert Cook na Mama Katharine wa Mengo

Katika kurasa hizi tumezoea kuwaletea habari za watumishi waliotutangulia, wahubiri na waimbaji. Safari hii tumemchagua daktari mmoja na mke wake muuguzi, nao wote wawili wamelala katika kilima cha Namirembe, Kampala, tangu zamani. Tunayo sababu ya kuwachagua.

Vijana kadhaa wa jamaa zetu wameingia katika masomo ya uuguzi, na wengine wanatamani. Wakipita Masoro, pale mashariki ya mji wa Kigali penye viwanda, wanaiona shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Waadventista iliyofunguliwa Desemba 2019, na wanarudi kwetu na hamu kubwa. Lakini wazazi wao wanatuuliza jambo lingine. Wanauliza kwa nini mtoto apoteze miaka ajifunze kupima joto, kusafisha vidonda na kutandika vitanda, na huku kuna kazi za viwandani zinazoleta pesa mwisho wa mwezi. Mzazi mkimbizi ana haki ya kuuliza hivyo, maana mgao hautoshi na karo haingoji. Tumeona jibu jema ni kusimulia maisha ya watu hawa wawili, ili kila nyumba ijionee kama uuguzi ni kazi ya mikono tu au kuna kitu zaidi ndani yake.

Albert Ruskin Cook alizaliwa tarehe 22 Machi 1870 huko Hampstead, London. Alisoma Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's. Kijana mwenye elimu ya namna hiyo angaliweza kufungua chumba chake London na kuishi vizuri. Yeye alijitoa kwa shirika la misheni la CMS, na mwaka 1896 akapanda meli kuja Mombasa. Katika kundi lao alikuwamo pia Bibi Katharine Timpson, muuguzi aliyekwisha kufundishwa kazi hiyo hospitalini kwao Uingereza.

Wakati huo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa, na haikufika ziwani hata mwaka 1901. Basi walitembea. Zaidi ya kilomita elfu moja, pamoja na wapagazi, maturubai na masanduku ya dawa. Wengi wetu tunajua maana ya kutembea siku nyingi na mzigo kichwani, ingawa tofauti ipo: wao walikuwa wanakwenda walikotaka. Walifika Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, Februari 1897, na kabla mwezi haujaisha Daktari Cook alikuwa ameanza kupokea wagonjwa. Mwezi wa Mei mwaka uleule ikafunguliwa hospitali ya kwanza, nyumba ya matete na udongo yenye vitanda 12.

Hapa inafaa tuseme neno moja kabla ya kuendelea. Wako wanaosimulia habari za wamisionari kana kwamba kabla yao hapakuwa na mtu aliyejua kutibu. Si kweli. Mwaka 1879, miaka kumi na minane kabla ya Cook kufika, daktari Mwingereza aitwaye Robert Felkin alishuhudia huko Bunyoro mama akipasuliwa ili mtoto atolewe. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wa nchi. Walimlewesha mama kwa pombe ya ndizi, ile tunayoiita kasiksi kwetu Kivu, na kwa pombe hiyohiyo wakaosha mikono yao na tumbo la mama. Damu waliizuia kwa chuma cha moto, jeraha wakalifunga kwa pini za chuma na kulipaka dawa ya mizizi. Mama na mtoto wote waliishi. Felkin aliyaandika hayo mwaka 1884 na madaktari wa Ulaya wakastaajabu, kwa sababu kwao wakati huo upasuaji wa namna hiyo uliua akina mama wengi sana. Kwa hiyo Cook hakuingia katika nchi tupu, bali katika nchi yenye waganga na wakunga wake.

Jambo la kwanza alilolifanya vizuri ni kujifunza lugha. Alijifunza Kiganda mapema, na baadaye akatunga msamiati wa maneno ya tiba kwa Kiganda ili madaktari na wauguzi waliomfuata waweze kumwuliza mgonjwa maswali na kuelewa majibu. Sisi tunaoishi kambini hatuhitaji kuelezwa sana umuhimu wa jambo hili. Mama wa Kishi au wa Kifuliiru anafika kituo cha afya, muuguzi anasema Kinyarwanda, na katikati amesimama mtoto wa miaka kumi anayetafsiri habari za tumbo la uzazi la mama yake. Mtoto huyo atatafsiri nini?

Hata walio na lugha moja wanaweza kupotezana. Mswahili akisema chembe cha moyo kinamuuma, anashika pale juu ya tumbo, chini ya kifua, na muuguzi asiyejua msemo huo atafikiri ni moyo wenyewe. Mama akisema kiuno, mara nyingine ni mgongo na mara nyingine ni uchungu wa mimba umeanza kabla ya wakati, naye anaona haya kutamka mbele ya wanaume waliokaa foleni. Mwanafunzi wa uuguzi anayejifunza kuuliza swali la pili na la tatu (wapi hasa, tangu lini, ikianza unakuwa unafanya nini, kuna kinachotoka) amejifunza nusu ya kazi. Akiuliza huku amesimama mlangoni na kalamu mkononi, atajibiwa kidogo. Akiketi, atajibiwa zaidi.

Mwaka 1897 haujaisha, vita ikawakuta. Askari wa Kisudani waliokuwa wameajiriwa na Waingereza waliasi, wakajifungia katika ngome ya Luba huko Busoga. Cook aliitwa kwenda kutibu majeruhi. Mwezi wa Desemba aliuawa huko George Pilkington, yule aliyefanya kazi kubwa ya kuitafsiri Biblia katika Kiganda. Daktari hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja katika nchi na tayari alikuwa anachagua, kati ya watu wengi wanaovuja damu, ni nani aanze naye. Uchaguzi huo hauna furaha. Lakini kila muuguzi anaufanya, hata asubuhi ya kawaida yenye watoto arobaini foleni, pale anapopita kwa macho kabla ya kuanza kuandika majina, ili aone ni mtoto gani anapumua kwa mbavu na ni nani amelala begani bila kulia. Anayelia kwa nguvu mara nyingi anaweza kungoja. Yule aliyenyamaza hawezi.

Ndugu yake Albert, Daktari Jack Cook, alikuja kujiunga naye mwaka 1899. Mwaka 1900 Albert na Katharine wakafunga ndoa. Hospitali kubwa zaidi ilijengwa, radi ikaipiga na kuiteketeza Novemba 1902, wakajenga nyingine ya matofali iliyofunguliwa 1904. Tunapita haraka hapa kwa sababu majengo huungua na hujengwa tena, na yaliyo makubwa yalikuwa yanatendeka vitandani.

Mwaka 1901 walianza kufika Mengo wagonjwa wa aina ambayo watu wa huko hawakuizoea. Mtu alilalamika kichwa, homa ikaja na kuondoka. Kisha tabia yake ikageuka. Aliyekuwa mpole akawa mkali, aliyekuwa hodari shambani akaanza kusinzia na jembe mkononi. Usiku akakosa usingizi, mchana akalala hata chakula kikiwa mdomoni. Jamaa zake waliweza kusema ni mvivu, au amerogwa, au ana wazimu. Ndugu wawili wa Mengo walitambua kuwa ni malale. Ugonjwa huo ulijulikana Afrika ya Magharibi na Kongo, lakini katika Buganda hakuna aliyekuwa ameutambua bado. Walitoa taarifa, na mwaka 1902 wataalamu wakatumwa kutoka Uingereza. Mmoja wao, Mwitalia Aldo Castellani, aliviona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kwamba ni mbung'o wanaovieneza.

Waliokufa kando ya ziwa, Buganda na Busoga, kwa miaka michache tu, walikuwa zaidi ya laki mbili. Kuanzia 1906 serikali iliwahamisha watu kwa nguvu kutoka ufukweni, na visiwa vya Ssese vikabaki bila wenyeji. Hao nao walikuwa wakimbizi, ingawa historia haiwaiti hivyo. Waliacha migomba na makaburi.

Tumekaa kidogo juu ya malale kwa ajili ya jambo moja. Dalili ya usingizi wa mchana haionekani na daktari anayepita wodini mara moja asubuhi, akamwona mgonjwa amelala kama wengine wote. Huonekana na yule anayekaa. Anayejua kwamba mtu huyu usiku wote alikuwa anazungukazunguka, na jana alimtukana mke wake bila sababu, na nyuma ya shingo ana matezi yaliyovimba ambayo yaliguswa wakati wa kumwogesha. Mara nyingi mtu huyo ni muuguzi. Kumwogesha mgonjwa, kazi ambayo wazazi wengine wanaiona ya chini, ni uchunguzi wa mwili mzima bila kumwogopesha mtu. Vidonda vya kulalia huonekana hapo, na miguu inayovimba, na alama za kipigo ambazo mama hakutaka kuzitaja.

Kuna na homa nyingine ambayo Cook aliichunguza na kuandika habari zake mwanzoni mwa karne ile: homa ya papasi. Wazee wetu waliolala katika nyumba za udongo njiani wanawajua papasi, wadudu wale wanaojificha katika nyufa za ukuta na sakafu, wakatoka usiku. Homa yao ina werevu wake. Humchoma mtu siku kadhaa, kisha hushuka ghafula kwa jasho jingi. Nyumba yote hushangilia na kuanza kupika. Baada ya kama juma moja inarudi, na huweza kurudi tena na tena.

Muuguzi asiyeandika joto kila siku ataona wagonjwa watatu tofauti: aliyeumwa, aliyepona, na aliyeumwa tena. Aliyeandika ataona mstari unaopanda, unashuka, unapanda, na mstari huo utamwambia jina la ugonjwa hata kabla ya mikroskopu. Tena saa ile homa inaposhuka ghafula ndiyo saa ya hatari, kwa sababu mapigo yanaweza kulegea na mgonjwa akazimia hata kufa mikononi mwa jamaa wanaomsifu Mungu kwa kupona kwake. Kwa hiyo joto limeshuka peke yake si habari njema. Muuguzi huuliza pia mapigo yanakwenda namna gani, mikono ina baridi au vuguvugu, anajibu akiitwa, amekojoa lini. Majibu manne madogo yakiwekwa pamoja hutoa uamuzi. Kupima joto mtu yeyote anaweza kufundishwa kwa dakika tano. Kujua la kufanya na namba hiyo ndiko kunakotaka miaka.

Wapendwa wa Uamsho watakumbuka kwamba Blasio Kigozi, mwalimu wa Gahini ambaye mahubiri yake yaliwasha moto hapa Rwanda, alikufa Kampala Januari 1936, akiwa bado kijana. Aliyemwua ni homa hiyohiyo ya papasi.

Sasa tumgeukie Mama Katharine, maana kwa maoni yetu yeye ndiye anayesahauliwa mno. Ukisikia Cook wa Mengo, watu humfikiri bwana. Lakini hospitali si daktari. Daktari hupasua kwa saa moja, na saa ishirini na tatu zinazobaki ni za wauguzi. Katharine ndiye aliyesimamia uuguzi wa Mengo tangu nyumba ya matete. Alitoka katika kizazi cha wauguzi wa Uingereza waliokua baada ya Florence Nightingale kufungua shule yake London mwaka 1860 na kufundisha kwamba kumtazama mgonjwa kwa uangalifu ni elimu yenyewe, wala si kukaa tu karibu naye.

Karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, vita ambayo Mengo ilipokea majeruhi wengi sana, Mama Katharine aliona kwamba watoto wa Buganda walikuwa wanakufa tumboni na katika siku za kwanza, na akina mama pamoja nao, na kwamba hospitali moja juu ya kilima haitawafikia. Akaanzisha shule ya wakunga. Iliitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa wakati ule. Wanafunzi walikuwa wasichana wa Kiafrika waliojua kusoma na kuandika, na masomo yalifundishwa kwa Kiganda. Bwana na bibi Cook walitunga kitabu cha ukunga katika lugha hiyo, kiitwacho Amagezi Agokuzalisa, yaani maarifa ya kuzalisha. Fikirini maana yake. Kabla ya hapo elimu ya hospitali ilikuwa katika Kiingereza, na msichana wa Gayaza angebaki kuwa mtumishi wa kushika taa. Kwa kitabu hicho aliweza kusoma mwenyewe usiku, akajua sababu ya kila anachokifanya.

Neno sababu ndilo kubwa hapo. Wakunga hao walipomaliza walitumwa kwenye vituo vya uzazi vijijini, mbali na Mengo. Huko hapakuwa na simu, na daktari alikuwa mbali siku nzima ya baiskeli. Mkunga aliyekariri tu angefanya yale aliyoambiwa mpaka likatokea lisiloandikwa, kisha angesimama. Aliyeelewa angejua kwamba mama aliyejifungua salama saa moja iliyopita, anayesema ana kiu na anahangaika kitandani, huenda anavuja damu hata kama kitambaa cha juu kinaonekana safi. Angeweka mkono juu ya tumbo kuona kama mji wa mimba ni mgumu kama mpira au ni laini. Kama ni laini angeusugua uketi, angemweka mtoto anyonye ili mji ujikaze, angehesabu vitambaa, angeshika mapigo tena na tena, maana mapigo huanza kukimbia kabla mtu hajalegea. Na angeamua mapema kutuma watu wa machela, akijua umbali. Kuamua mapema ndiko kunakookoa. Waliokufa njiani wengi walichelewa kuondoka.

Jambo jingine la shule ile ni kwamba iliwapa kazi hiyo wasichana, na desturi ilikuwa ukunga ni wa akina mama wazima waliozaa. Twaweza kuwahurumia wazee wa wakati huo waliotikisa vichwa. Hata leo hapa kwetu binti wa miaka ishirini na mbili aliyehitimu anaambiwa na bibi kizee mlangoni kwamba yeye ambaye hajazaa hajui kitu. Tunavyofikiri sisi, binti mwenye akili hatabishana. Atamwuliza bibi ameona nini tangu asubuhi, kwa maana bibi amekaa na mzazi usiku wote, na habari zake ni za thamani. Wajumbe wetu wa afya, abajyanama b'ubuzima, wanalijua hili kuliko wengi wenye vyeti.

Lakini hatutaki kuwaandikia habari za watakatifu wasio na doa. Kuna mahali ambapo Daktari Cook alikosea, na makosa yake yanafundisha kuliko baadhi ya mafanikio yake. Mwaka 1908 ofisa mmoja wa tiba wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, aliyekuwa ameitembelea Uganda, alitangaza kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Buganda wana kaswende. Cook naye aliamini kwamba ugonjwa huo umeenea kupita kiasi, na kwamba ndio unaoharibu mimba na kuua watoto. Kwa kuwa kaswende huambukizwa kwa zinaa, vita dhidi ya ugonjwa ikageuka kuwa vita dhidi ya mwenendo wa watu, na mwaka 1921 alizunguka nchini akifundisha juu ya usafi wa maisha.

Baadaye, katika miaka ya 1950, daktari J. N. P. Davies wa Kampala alipitia habari hizo upya, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kile kilichoitwa kaswende haikuwa ya zinaa. Kulikuwa na buba, na kulikuwa na ugonjwa wa jamii hiyohiyo ambao watoto huupata kwa kugusana ngozi na kunywea chombo kimoja. Vijidudu vyake hufanana sana na vya kaswende, na hata leo kipimo cha kawaida cha damu hakiwezi kuvitenganisha. Hii ina maana kwamba wanawake wengi waliaminiwa kuwa wamezini au kuletewa uzinzi nyumbani, kumbe ugonjwa waliupata utotoni katika mkeka wa kulalia.

Sisi wachungaji tunaisoma sura hii kwa uchungu. Cook alikuwa mtu wa uangalifu, na bado alichokuwa anakitafuta moyoni kilimwongoza macho yake. Alitazamia dhambi, akaiona. Mwanafunzi wa uuguzi ataambiwa shuleni kwamba dalili moja ina njia nyingi, na kwamba wazo la kwanza lisifunge mlango kwa mengine. Kijana mwembamba anayekohoa si lazima awe na ule ugonjwa ambao kambi nzima inaunong'ona. Binti anayetapika asubuhi si lazima awe mjamzito, na akiwa mjamzito si lazima awe amekubali. Tukiwa viongozi wa kanisa tunajua namna neno moja la kituo cha afya linavyofika bombani kabla ya mgonjwa kufika nyumbani. Muuguzi anayefunga mdomo wake na kufungua akili yake anawalinda wana wetu kuliko mahubiri yetu mengi, na tunaliandika hilo bila kuona haya.

Kitu kimoja kilimwokoa Cook mbele ya waliomfuata, nacho ni kwamba aliandika. Habari za wagonjwa waliolazwa Mengo ziliwekwa katika vitabu mwaka baada ya mwaka tangu 1897: nani, wa wapi, ana nini, amefanyiwa nini, imekuwaje. Mwaka 1964 Davies na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa kansa uliotegemea vitabu vya Mengo kuanzia 1897 hadi 1956. Kwa vitabu hivyo waliweza kuonyesha kwamba aina nyingi za kansa si jambo jipya lililoletwa na maisha ya mjini, maana zilikuwa wodini tangu mwanzo. Watu walioziandika habari hizo usiku, kwa taa ya mafuta, hawakujua kwamba zitasomwa baada ya miaka sitini. Kitabu kinachomsahihisha daktari ni kitabu cha daktari mwenyewe. Asiyeandika hawezi hata kusahihishwa.

Na sisi tulio Rwanda tuna deni Mengo. Vijana wawili madaktari, Algernon Stanley Smith na Leonard Sharp, walifanya kazi katika hospitali ile wakati wa Vita Kuu. Mwaka 1916 waliitembelea Rwanda, wakaipenda. Mwaka 1921 walianza kazi Kabale, mpakani, na kutoka huko misheni ikaingia Gahini, ambako Daktari Joe Church alifika 1928. Sharp alianzisha mwaka 1931 kijiji cha wenye ukoma katika kisiwa cha Bwama, ziwa Bunyonyi. Ni huko Namirembe pia, mwaka 1929, Church aliyekuwa amechoka na kukata tamaa alipokutana na Simeoni Nsibambi, ndugu yake Blasio, na yaliyotokea baadaye waumini wa Afrika ya Mashariki wanayajua. Watu husimulia Uamsho kana kwamba ulianzia kanisani. Tukifuata nyayo vizuri, njia inapita wodini.

Cook alipewa cheo cha Sir mwaka 1932, akastaafu kazi ya Mengo katika miaka hiyo, lakini hakurudi kukaa Uingereza. Mama Katharine alifariki mwaka 1938. Mzee aliishi miaka kumi na mitatu zaidi, katika nyumba yake Makindye, akaandika kumbukumbu zake za Uganda zilizotoka 1945. Alifariki Kampala tarehe 23 Aprili 1951, mwenye umri wa miaka 81, akazikwa Namirembe. Hospitali ya Mengo bado inapokea wagonjwa. Maktaba ya tiba ya Makerere inaitwa kwa jina lake, na vile vitabu vya wagonjwa vimehifadhiwa humo.